Mgeni Mwenye Njaa

Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi Mukami Gathii aliwahesabu wafu wake, na tangu Dinah Wekoye aajiriwe akawa anawahesabu na wafu wa Dinah pia. Hilo la pili halikuwa kazi yake, na hakuna aliyemtuma.

Kazi yake ilikuwa utafiti. Ofisi yao ya Kitale, vyumba viwili nyuma ya duka la mbegu, ilikuwa ikifuatilia wagonjwa themanini wa moyo, nusu upande wa Trans-Nzoia na nusu upande wa Bungoma, ili kujibu swali moja: mgonjwa wa moyo aliyekonda kwa kukosa lishe, je, hufa mapema kuliko mwenzake anayekula vizuri? Kila baada ya wiki mbili mgonjwa alitembelewa nyumbani. Alipimwa presha, akaulizwa alikula nini jana, kisha akazungushiwa tepu kwenye mkono, katikati ya bega na kiwiko. Mizani haikuaminika. Moyo ukichoka maji hujaa miguuni na tumboni, mtu akaonekana ameongeza kilo kumbe nyama inamwisha. Mkono haudanganyi, ndivyo alivyopenda kusema mkubwa wao, Daktari Ngari, na Mukami alikuwa amelirudia neno hilo kwa wagonjwa mpaka akaliona lake.

Kwa miaka minne hapakuwa na mtafiti wa kumfikia. Fomu zake hazikuwa na kosa hata moja. Kisha akaja Dinah, mwanamke mnene wa Misikhu, mcheshi, asiyejua kunyoosha mstari hata kwa rula, mwenye kuzibadilisha r na l zake apendavyo, na kila alipopita, mlinzi wa geti akacheka kwa dakika tano. Dinah alikuwa na shangazi yake kati ya wagonjwa wa Bungoma. Mukami naye alikuwa na baba yake mzazi kati ya wale wa Trans-Nzoia, huko Endebess. Kanuni ilikataza mtu kumpima ndugu yake, basi kila mmoja akapelekwa kwa watu wa mwenzake: Mukami akapanda pikipiki ya ofisi kwenda Sirisia na vijiji vyake, Dinah akashika njia ya mlimani.

Miezi minane baadaye, Mukami alikuwa na wafu saba. Dinah alikuwa na mmoja, na huyo mmoja aligongwa na trekta.

"Bahati tu," Mukami alisema siku hiyo mkutanoni, akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

"Si bahati," Dinah akajibu, akicheka. "Watu wangu wanakura. Mtu mwenye anakura hana haraka ya kufa."

Mukami akaandika neno "wanakura" pembeni mwa daftari lake, hivyo hivyo alivyolisikia, ili apate kitu cha kumdharau nacho jioni. Yeye hakuuita wivu. Aliuita wasiwasi wa kitaalamu. Lakini mtu mwenye wasiwasi wa kitaalamu hafungui kompyuta ya ofisi wakati wenzake wamekwenda kunywa chai, akatafuta namba moja tu kati ya namba themanini, namba ya baba yake, anayoijua kwa moyo.

Sentimita ishirini na moja nukta nane. Ishirini na mbili nukta tatu. Ishirini na mbili nukta tisa. Ishirini na tatu nukta tano.

Mkono wa baba yake ulikuwa unanenepa.

Binti mwingine angepiga magoti akashukuru. Mukami alihisi kama amepigwa kofi. Tangu mama yake, Wakonyo, azikwe miaka mitatu iliyopita, yeye ndiye aliyekuwa akipambana na tumbo la Mzee Gathii. Kila Jumamosi alipanda Endebess na vyombo vinne vilivyofunikwa vizuri: viazi visivyo na chumvi, mboga zisizo na chumvi, maharagwe yasiyo na chumvi, na uji. Mkebe wa chumvi alikuwa ameuondoa jikoni mwenyewe. Alimsimamia mzee akila, akamhesabia matonge, akamkumbusha vidonge vya kupunguza maji. Mzee alikuwa akigusagusa chakula, akasema, "Weka hapo, nitakula baadaye." Baadaye alikula mbwa.

Mukami alikuwa amepewa jina la mama mzazi wa mzee, na kwa sababu hiyo tangu utotoni baba yake alimwita Mama. Mama, njoo. Mama, umelala? Siku hizi alimwita Daktari, na hakukuwa na heshima yoyote ndani yake.

Sasa mtu wa Misikhu, asiyejua hata jina la ng'ombe mmoja wa boma lile, alikuwa ameufanya mkono ule unenepe kwa sentimita moja na nukta saba. Haiwezekani, alijiambia Mukami. Analegeza tepu. Anaandika namba za kubuni. Na wazo hilo lilimfurahisha kiasi cha kumwaibisha, lakini hakuliacha.

Jumanne ya zamu ya Dinah aliomba ruhusa, akasema ana jino linauma, akaenda Endebess. Aliacha pikipiki kwa jirani, akapita nyuma ya ghala la mahindi kama mwizi kwenye boma alilozaliwa. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi.

Baba yake alikuwa anapika. Mzee Gathii Mbogo, ambaye katika miaka arobaini na sita ya ndoa hakuwahi kuinua kifuniko cha sufuria ila kuuliza kwa nini chakula kimechelewa, alikuwa amekalia kigoda mbele ya jiko, miguu iliyovimba imevaa kandambili kubwa, anasonga ugali. Alikuwa anahema, anapumzika, anasonga tena. Dinah alikuwa amekaa tu. Hakuinuka kumsaidia hata kidogo. Tepu na mashine ya presha vilikuwa vimelala juu ya meza, kazi imekwisha.

"Papa, fanya haraka bana," Dinah alikuwa anasema. "Mimi nimetoka Misikhu asubuhi ata chai sijaonja. Unataka nianguke kwa boma yako watu waseme umeua mgeni?"

"Ngoja, wewe. Ugali ya haraka ni uji," mzee akajibu, na Mukami akasikia kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu mazishi. Baba yake alikuwa anacheka.

Alipakua. Ugali, na mrenda uliochanganywa na simsim ya kusaga, mrenda huo huo ambao maisha yake yote aliuita makamasi. Kisha akanyanyuka polepole, akashika ukuta, akafika kwenye rafu ya juu, akashusha sahani ya bati yenye maua mekundu.

Ilikuwa sahani ya Wakonyo. Tangu alipofariki hakuna aliyeigusa. Mukami mwenyewe aliwahi kuitoa siku moja ya Krismasi, na baba yake akamwambia airudishe, bila kupandisha sauti, bila kusema sababu. Sasa akaipangusa kwa shati lake, akaijaza, akamwekea Dinah mapajani.

"Na wewe yako?" Dinah akauliza. "Siwezi kula naangaliwa, Papa. Kwetu mgeni akiachwa akule peke yake, anajua hapo ni kwa wachawi."

Mzee akajipakulia, akala. Akala tonge, na jingine, akachovya, akaramba kidole. Mukami, nyuma ya ukuta, alihesabu matonge kumi na moja, na kila tonge lilimchoma. Hakufikiria, "Baba anakula." Alifikiria, "Mbona si kwangu?"

Hakugonga mlango. Alirudi Kitale, akaandika ripoti.

Kanuni ya saba ya utafiti ilikuwa wazi: mtafiti asile wala kunywa chochote nyumbani kwa mgonjwa. Haikuwa kanuni ya kipumbavu. Iliwekwa kwa sababu wengi wa wagonjwa hawakuwa na chakula cha kutosha, na mtu wa ofisi hakwenda kwao kuwapunguzia kidogo walichonacho. Mukami aliieleza vizuri sana, kurasa mbili, bila kosa hata moja. Mwishoni aliweka sahihi ambayo hakuna mtu angeweza kuisoma, akaitumbukiza kwenye sanduku la maoni.

Daktari Ngari alimwita Dinah mbele ya wote, maana hakupenda mambo ya pembeni. "Ni kweli unakula kwa wagonjwa?"

"Ni kweri, Daktari. Kila boma."

"Na kanuni unaijua?"

"Naijua. Lakini Daktari, hawa wazee wako peke yao. Mtu mmoja hawezi kupikia mtu mmoja, anaona ni kazi bure. Nikifika na njaa, anapika. Akipika, anakura. Mimi sibebi kitu, sipeani kitu. Naenda tu na njaa."

Daktari Ngari akavua miwani, akajipangusa uso. "Basi umeharibu namba za upande mzima," alisema hatimaye, kwa huzuni zaidi kuliko hasira. "Sisi tunapima wanavyoishi wakiwa peke yao. Wewe umeingia ndani ya kipimo." Kufikia saa nane mchana Dinah alikuwa amemwaga unga.

Na Mukami, tuseme ukweli wote, ndiye aliyemsaidia kubeba boksi lake mpaka getini. Alimshika bega. Alimwambia, "Pole, dada. Mungu atakufungulia mlango mwingine." Dinah akamwangalia kidogo, akasema asante, akaenda zake. Mlinzi hakucheka siku hiyo, wala siku zilizofuata.

Njia ya mlimani ikapewa Kipkemei, kijana makini aliyetoka chuoni. Alifika, akapima, akakataa chai kwa adabu, akaondoka. Fomu zake zilikuwa safi kama za Mukami.

Mwezi wa kwanza akafa mama mmoja wa Saboti aliyeitwa Jelimo. Mwezi wa pili wakafa wawili. Daktari Ngari alisema watu ni wachache mno, mvua zimekuwa za baridi, mtu asikimbilie kusema nini kimesababisha nini. Alisema kweli. Hakuna mtafiti mwenye akili angeapa kwamba watu wale wamekufa kwa kukosa mtu wa kupikia. Mukami hakuapa. Alikuwa anafungua kompyuta wakati wa chai.

Ishirini na tatu nukta tano. Ishirini na mbili nukta saba. Ishirini na moja nukta tisa. Ishirini na moja nukta mbili.

Alijua vizuri kuliko mtu yeyote kinachofuata baada ya namba kama hizo. Alikuwa na watu saba wa Sirisia wa kumwonyesha.

Jumamosi hiyo hakupeleka vyombo vinne, alipeleka sita. Alisaga simsim, akapika mrenda mwenyewe, akajikaza kuuonja. Akaamua kula pamoja na mzee, maana si aliona kwa macho yake kwamba siri ni kula pamoja? Akapakua sahani mbili, akakaa mkabala naye, akaanza kutafuna kwa sauti, na kumtazama.

Mzee Gathii akaigeuza sahani yake kidogo, kama mtu anayetafuta upande wa kuingilia. Mkono wake uliojitokeza kwenye shati ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe.

"Kula, Baba."

"Nitakula."

"Ni mrenda. Si unapenda mrenda siku hizi?" Ikamtoka hivyo, na ukali wote ndani yake.

Mzee akainua macho. Alikuwa mzee, lakini si mjinga. "Kwa hivyo ulikuja ukaona," alisema.

Mukami akaacha kutafuna.

"Na yule mama wa Misikhu hakuja tena." Akavuta pumzi, maana siku hizo hata maneno yalimchosha. "Sasa sikia, Daktari. Chakula yako ni nzuri. Lakini wewe unakuja kunilisha. Yule, mimi ndio nilikuwa namlisha. Alikuwa anafika hapa na njaa, na hakuna mtu mwingine kwa hii dunia alikuwa anangoja mkono yangu imletee kitu. Unaelewa? Siku yake ikifika, nilikuwa naamka mapema."

Mukami akafunika vyombo vyake sita. Alitaka kusema kwamba yeye alikuja kila Jumamosi kwa miaka mitatu, mvua au jua. Alitaka kusema, mimi ndiye mtoto wako. Badala yake akatoka, akaenda kusimama na ng'ombe mpaka alipoweza kuonekana na watu.

Jumamosi iliyofuata, siku ya soko, alikwenda Misikhu. Dinah alikuwa ameketi na dada yake Phelista nyuma ya gunia la simsim, anapima kwa mkebe, anajibizana na wateja. Alipomwona Mukami hakushtuka. Alimsogezea kigoda.

"Karibu, kaa. Umekura?"

Mukami akakaa. Alikuwa ameandaa maneno mazuri tangu Kitale, yote yakamtoroka. "Ni mimi niliandika," alisema. "Ile ripoti. Nilisimama nyuma ya jikoni ya baba yangu nikawaona. Sikuandika kwa sababu ya kanuni. Niliandika kwa sababu alikupatia sahani ya mama yangu."

Phelista akaacha kupepeta simsim. Dinah akamalizia kumpimia mteja, akamwongezea kidogo juu, akamuaga. Ndipo akamgeukia.

"Nilijua," alisema. "Daktari alinionyesha. Nani mwingine kwa hiyo ofisi anaandika kurasa mbili na hakuna mahali amekata?" Hakucheka. "Nilikusikia pia hapo getini na hiyo Mungu yako ya milango. Hapo ndipo niliumia, si hiyo kazi."

"Nisamehe, dada."

"Ngoja kwanza. Mzee ako aje?"

"Ishirini na moja nukta mbili."

Dinah alijua maana ya namba hiyo. Akashika tama, akaangalia watu wa soko wakipita. "Nitaenda kumwona Jumanne," alisema. "Si kwa ajili yako. Na sasa mimi si mtu wa ofisi, hakuna wa kunikataza. Lakini Jumanne ni mbali. Wewe tangulia. Usibebe kitu. Usibebe ata ndizi. Na ukuwe na njaa ya kweri, si ya kuigiza. Wazee wanaijua."

Mukami alirudi Kitale bila kununua kitu. Jumapili hakunywa chai. Alikwenda kanisani tumbo likinguruma hadi jirani yake akageuka, akapita hotelini harufu ya maandazi ikamfuata, akakaza mwendo. Alifika Endebess saa nane mchana, mikono mitupu. Mzee alikuwa kitandani, amegeukia ukuta.

"Baba," alisema mlangoni, na hakuhitaji kuigiza sauti. "Nina njaa. Sijala tangu jana."

Mzee akageuza kichwa, akamtazama mikono, akaona haina kitu. "Tangu jana? Na hiyo Kitale yote haina chakula?"

"Nimekuja kula kwako."

Kuinuka kwake kulichukua muda mrefu. Mukami alikaa kwenye kigoda, akakalia viganja vyake ili visimsaidie. Alimtazama baba yake akiwasha jiko, njiti ya kwanza ikazima, ya pili ikazima. Alimtazama akiegemea meza akihema, na kila kilichofundishwa ndani yake kilimwambia amlaze, amwinulie miguu, achukue mwiko. Hakuinuka. Hakuwahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo.

Ulikuwa ugali mdogo wenye madonge, na maziwa. Mzee akafika kwenye rafu. Mukami alimwona akiigusa sahani ya maua, akaisogeza kando kwa uangalifu, akashusha mbili za kawaida zilizokuwa chini yake.

"Hiyo ni ya mgeni," alisema, kama aliyesikia swali. "Pengine atapita siku moja."

Wivu ukamshika Mukami upya, palepale, wa moto kama siku ya kwanza nyuma ya ghala. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemlazimisha kusema.

"Atapita Jumanne, Baba. Mimi ndiye nilimfukuzisha, na mimi ndiye nimeenda kumwomba. Amesema atakuja."

Mzee alimtazama, mwiko mkononi. Hakumlaani, wala hakumsifu. Uso wake ulifunguka taratibu, na Mukami alijua vizuri kwamba haukufunguka kwa ajili yake. "Jumanne," mzee akarudia. "Basi kunatakiwa mboga." Akaketi, akamega tonge, akala. Akamega jingine.

Mukami naye alikula. Alikula kama mtu wa jembe, bila kuhesabu ya kwake wala ya mzee, mpaka akashiba na kupita. Maziwa yalikuwa yamemfika kooni. Mzee akatazama sahani yake tupu, akatazama ugali uliobaki kwenye sufuria, na mkono wake mwembamba ukabaki hewani juu ya mwiko, unangoja.

"Umeshiba, Mama?"

"Bado, Baba," Mukami alisema. "Niongeze."

Akamwongeza, akajiongeza na yeye.